Vita ya Tangi Bovu

Mobile Legends ni mchezo wa watu waliokaa. Walioubuni walidhani kila binadamu ana vidole gumba viwili visivyo na kazi nyingine: cha kushoto kimtembeze shujaa, cha kulia kipige. Hawajapanda daladala ya Tegeta kwenda Makumbusho saa moja asubuhi, ambako mkono mmoja ni mali ya bomba la juu, na anayeliachia ataangukia mapajani mwa mke wa mtu. Aliyesimama itabidi achague, kutembea au kupigana. Mimi huchagua kutembea. Shujaa wangu huzunguka uwanja mzima, akapita katikati ya maadui bila kumgusa mtu, kama mgeni rasmi anayekagua gwaride.

Kwa asiyeujua: ni watano kwa watano, njia tatu, minara ya kubomoa, na kila upande una ngome yake. Ikianguka, mmekwisha. Mechi huchukua kama robo saa, na haina mapumziko. Ukichomoka katikati, wenzako wanabaki wanne na wewe unakatwa alama za nidhamu. Zikipungua sana unafungiwa mechi za kupanda daraja. Foleni ya Tangi Bovu si udhuru. Wala konda anayekuchezeshea sarafu sikioni.

Wenzetu wa Asia wamefika mbali. Mwaka 2019, kwenye Michezo ya Asia ya Kusini Mashariki kule Ufilipino, mchezo huu uligombewa medali kabisa, na wenyeji wakachukua dhahabu. Hongera zao. Ila nina hakika hakuna aliyecheza fainali ile akiwa amepakatishwa mtoto wa abiria mwenzake. Mimi nimepakatishwa. Mtoto akanyoosha kidole, akabonyeza silaha yangu kubwa kabla sijawahi, na adui akafa.

Siku nikipata siti nawasha kipaza sauti, maana wenzangu wengine ni vijana wa mtaani kwetu na bila maelekezo hawaendi. Asubuhi moja nikapaza: "Rudini nyuma! Jamani, rudini nyuma!" Abiria waliogandiana mlangoni wakarudi. Konda, aliyekuwa akiwabembeleza tangu Africana, akanitazama kwa heshima ambayo sijaipata hata nyumbani. Heshima ile haikufika mbali. Nilipoongeza, "Kaa chonjo, yuko nyuma yako, anakuibia!" gari zima likashika mifuko, na kijana mmoja asiye na hatia akateremshwa kabla ya kituo chake.

Lakini aliyenishinda ni mzee mmoja wa dirishani. Alianza kwa kuchungulia, kisha akavaa miwani.

"Mwanangu, hawa wanagombea nini?"

Nikamweleza. Tulikuwa tunamvizia Lord, lile dude linalotokea kuanzia dakika ya nane. Timu inayoliua hulipata upande wake, likaenda kuwabomolea minara.

"Na adui ni yupi?"

"Hao wenye mstari mwekundu, mzee. Mimi ni huyu wa kijani."

Akanyamaza. Alivua kofia, akaikung'uta, akairudisha kichwani, na hapo ndipo nilipoiona nembo ya Simba.

"Kwa hiyo wa kijani anampiga mwekundu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva, "mchana kweupe, ndani ya gari la watu?"

Nikajitetea kwamba rangi zimepangwa na wenye mchezo. Akajibu kwamba hata waamuzi huwa wanapangwa. Gari likagawanyika. Siti za nyuma wakawa wangu, mlangoni wakawa wa mzee, na konda, aliyejitangaza hana timu, akawa anapiga mluzi kila mwekundu alipokufa. Mzee alitakiwa kushuka Lugalo. Alizinduka Mwenge, wakati ngome yetu inaporomoka, na akateremka akicheka peke yake, hana hata habari ya nauli ya kurudi.

Basi ndugu msomaji, ukipanda gari la Makumbusho ukanikuta nimeinama, nauli yangu iko mfuko wa shati. Ichukue umpe konda, chenji nitunzie mpaka tufike. Na kama una mtoto wa kupakatisha, nipe yule yule wa siku ile. Ana shabaha.