Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Pombe Bila Kumpa Hata Tone

Mzazi mwenzangu, ukitaka mwanao afike miaka 10 akiwa tayari anaamini kwamba pombe ni furaha, ni utu uzima na ni dawa ya mawazo, huna haja ya kumwonjesha. Endelea tu na haya tunayoyafanya wengi wetu, nami nayaandika kwa sababu yananiuma.

Anza mapema. Mwaka 1972 Gustav Jahoda na Joyce Cramond walichapisha utafiti wao wa watoto wa miaka 6 hadi 10 mjini Glasgow. Wengi waliitambua pombe kwa kuinusa tu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowaweka watoto 120 wa miaka 2 hadi 6 mbele ya duka la kuchezea, wajifanye watu wazima wanaonunua mahitaji ya jioni na rafiki. Zaidi ya nusu walichukua pombe. Hakuna mwalimu aliyewafundisha.

Kisha mtume grosari. Mpe chupa tupu na noti, mwambie chenji ni yake. Atarudi na bia mbili za baridi mkono mmoja na peremende mkono wa pili, na tangu siku hiyo vitu hivyo viwili vitakuwa ndugu kichwani mwake.

Lakini somo kubwa liweke kwenye sherehe yake mwenyewe. Kipaimara kinafaa sana. Kadi ina jina lake, kamati imechangisha wiki kadhaa, na fungu nono la bajeti limeandikwa "vinywaji". Shampeni itikiswe, povu liruke, akina mama wapige vigelegele. Mpe soda kwenye glasi ya mvinyo agonganishe na wakubwa. Akinyoosha mkono kwenye bia ya mjomba, mwambie, "Hiyo ya wakubwa." Sasa ameshajua ukubwa unaanzia wapi. Asubuhi alipakwa mafuta matakatifu kanisani. Jioni atakachokumbuka ni kreti. Hata mbege ya Kilimanjaro, ile ya ndizi na ulezi yenye heshima na taratibu zake, mtoto aliyekaa pembeni haelezwi kipimo chake wala adabu yake. Anaona kata ikizunguka na anasikia vicheko.

Siku za kazi, rudi nyumbani umechoka, utupe begi na useme kwa sauti, "Leo nahitaji moja, kichwa kitulie." Hilo ni somo la tiba. Hapo nakuomba unisikilize vizuri. Julie Mennella na Pamela Garcia, waliofanya kazi Philadelphia, waliripoti mwaka 2000 kwamba watoto ambao wazazi wao hunywa ili kukimbia shida walielekea zaidi kuichukia harufu ya bia. Mtoto haitazami chupa peke yake. Anausoma uso wa anayekunywa, anajua ni jioni gani ya kucheka na ni jioni gani ya kujificha chumbani, na anayajua hayo kabla hajajua kuandika.

Mwisho, akiuliza kwa nini mjomba ameanguka mlangoni, mfukuze akalale. Majibu atayapata kwa wenzake na kwenye matangazo yenye muziki mzuri. Usubiri afike kidato cha tatu, ndipo umwite sebuleni umpe hotuba.

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba vya pombe kali kuanzia Machi 1, 2017, na ilifanya vyema. Lakini hakuna amri ya serikali itakayomjibu mtoto wako swali aliloliuliza usiku ule. Basi Jumamosi hii nenda grosari mwenyewe. Kipaimara kijacho, kamati ianze na chakula, zawadi na michezo ya watoto. Na akiuliza tena habari za mjomba, mkalishe umwambie: alikunywa pombe nyingi, ubongo ukashindwa kumwongoza, na sisi tulimwonea huruma.