Wapenzi wa Hadubini

Hadubini ya maabara yetu hapa Tanga haina adui hata mmoja. Ina wapenzi tu, na hao ndio wanaoimaliza.

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaipenda kupita kiasi. Ili kumwona mdudu wa malaria unadondosha tone la mafuta juu ya slaidi, kisha lenzi ya 100 inazama humo. Hiyo imeundwa kwa kazi hiyo. Jirani yake, lenzi ya 40, haikuundwa hivyo. Mwanafunzi akishampata mdudu, furaha humpanda, huita wenzake, huzungusha lenzi ili wamwone "vizuri zaidi", na ile ya 40 hupita kwenye mafuta kama bwana harusi anayekatiza dimbwi. Tangu hapo kila damu inaonekana ina ukungu.

Mwingine huzungusha skrubu kubwa huku jicho limeng'ang'ania juu, badala ya kuchungulia ubavuni, mpaka lenzi na slaidi vikutane. Kra! Haya, nenda sasa nje kwa mama ambaye mwanawe ndiyo kwanza amenyamaza.

"Samahani mama, tunaomba kidole tena."

"Damu ya kwanza mmeipeleka wapi?"

"Kioo kimevunjika."

"Mvunje nyie, atobolewe mwanangu?"

Mahakama gani ingempinga?

Balbu ya halojeni ilipokufa, kijana wetu mmoja, hodari wa kujitolea, aliikamata papo hapo bila hata kuchomoa plagi. Ilikuwa imewaka tangu asubuhi. Alicheza ngoma ambayo wazee wa Pangani hawajawahi kuiona. Kesho yake akaweka mpya, taratibu kabisa, kwa vidole vilivyotoka kwenye mihogo ya kukaanga. Mafuta ya vidole yakipata moto hukiunguza kioo cha balbu, nayo ikafa kabla ya siku zake. Hushikwa kwa kitambaa safi, au ndani ya kifuko chake. (Wenzetu wasio na umeme hutumia kioo cha kurudisha mwanga. Mwanga wa mchana sawa. Jua lenyewe hapana, jicho litaungua.)

Halafu kuna unyevu wa pwani, unaootesha kuvu ndani ya lenzi. Tuliweka kabatini silika jeli, zile chembe za buluu zinazogeuka waridi zikishashiba maji, ili tuzikaushe kwa joto na kuzirudisha. Mama wa usafi alidhani ni sumu ya panya, akazitupa. Kisha, kwa huruma, akaifunika hadubini kwa kanga aliyotoka kuifua.

Lakini mpenzi mkubwa ni mkuu wetu. Lenzi ikiwa na vumbi, huipulizia pumzi ya vitumbua na kuifuta kwa pindo la shati. Tunamweleza: vumbi lina mchanga, litolewe kwanza kwa kipulizo cha mpira, kisha ndipo karatasi ya lenzi ipite. Karatasi zipo, boksi zima. Yeye anaona ni kufuja mali ya umma. Juzi tulimwonyesha michubuko yenyewe. Alisikitika kwa dhati, na Jumatatu akaja na shati jipya.

"Hili pamba tupu," alisema, akavuta pumzi.