Twiga Mwenye Madoa

Jirani yangu hapa Wote ameacha kuuza maembe, sasa ni mkusanyaji wa sarafu. Hazina yenyewe imo kwenye kopo la kahawa: shilingi zilizooza. Moja ina kichwa cha Moi, au tuseme shavu lake, maana pua na sikio vimeliwa na kutu.

"Hii ni ya kipekee," ananiambia. Kweli. Nani mwingine aliyesahau shilingi mwaka mzima ndani ya mtungi wa maji ya kisima, haya yetu yenye chumvi?

Nikamwambia kwa upole, "Mzee, kasoro inayotafutwa ni ile ambayo sarafu imezaliwa nayo kiwandani: picha iliyopigwa pembeni, au sarafu ya metali mbili ambayo kiini chake kimekaa upande. Kilichofanywa na jasho, mvua na nyundo ni uharibifu tu." Shilingi nyingi za siku hizi ni chuma kilichovalishwa nikeli. Koti likichanika, kutu huingia bila hodi. Na kuisugua kwa majivu ndiko kuimaliza kabisa.

Akachomoa shilingi moja mpya, kati ya zile zilizozinduliwa Desemba 2018. "Na huyu twiga? Ana madoa!"

"Twiga wote wana madoa, mzee."

Nikamshauri atafute ile sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Kibaki, iwe safi. Akaguna. Jioni alimpelekea mwenye duka ile ya Moi, anunue chumvi. Ikakataliwa. Akarudi akitabasamu:

"Umeona? Hata yeye ameogopa bei."