Yah: Ombi la Kupaka Rangi Ukuta Wangu

Kwa Mheshimiwa Mark Zuckerberg,
Mwenyekiti na Mtendaji Mkuu wa Meta,
Menlo Park, California.

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza kabisa, shikamoo. Najua umezaliwa mwaka 1984, na kwa desturi za kwetu wewe ndiye ungepaswa kuniamkia mimi. Lakini cheo nacho kina umri wake, na chako kimetosha kuwa babu yangu. Pili, natumaini barua hii itakukuta buheri wa afya, wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo, isipokuwa hilo dogo lililonifanya nikusumbue.

Kabla ya hilo dogo, shukrani. Mwaka 2009 ulituwekea Facebook kwa Kiswahili, tukaacha kubahatisha vitufe. Oktoba 2014 ukatuletea Internet.org hapa Tanzania kupitia Tigo, mtu akaweza kuchungulia mtandaoni bila bando. Masharti yake yalizitaka tovuti zije bila JavaScript, bila video na bila picha nzito, lakini cha bure hakichaguliwi, na hatukuchagua. Mwaka 2016 ukafika Nairobi, ukakaa kwenye mgahawa wa Mama Oliech ukala ugali na samaki mzima wa kukaanga. Picha zile tulizitazama kwa fahari, hata sisi wa upande huu wa mpaka ambao si kawaida yetu kuwasifia jirani zetu ugali.

Sasa naomba kwa unyenyekevu niingie kwenye hoja.

Novemba 2014 uliulizwa hadharani kwa nini kila siku unavaa fulana ileile ya kijivu. Ulijibu kwa upole kwamba hutaki kuchosha akili kwa maamuzi madogomadogo, unataka nguvu zote ziende kwenye kuwahudumia watu. Jibu hilo lilinifungua macho. Mtu asiyependa kuchagua fulana ndiye aliyepewa jukumu la kuwachagulia fulana watu zaidi ya bilioni 3, na kwa ukarimu wake amewapa wote ya namna moja, ya bluu.

Uliwahi pia kueleza sababu ya bluu hiyo: macho yako hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na bluu ndiyo unayoiona sawasawa. Hilo ni maumbile, Mheshimiwa, na asiwepo wa kulicheka. Nikufahamishe tu, kwa heshima zote, kwamba kwetu nyekundu ni Simba na kijani ni Yanga. Rangi mbili zinazokupa taabu ndizo hizohizo zinazogawa nchi siku ya derby ya Kariakoo na kumfanya mtu asipokee simu ya shemeji yake hadi Jumatatu. Humo mwako, mtu wa Simba na mtu wa Yanga wote wanatambiana ndani ya bluu na nyeupe, ambazo ni rangi za Azam. Sidhani kama ulikusudia hivyo, ila ndivyo ilivyotokea, na Azam hawajalalamika.

Wala si kwamba rangi ni adimu. Ukurasa wa wavuti husoma rangi kwa msimbo wa tarakimu na herufi sita, na michanganyiko inayowezekana ni 16,777,216. Wewe ulitumia 3B5998 kwa miaka mingi, halafu mwaka 2019 ukahamia 1877F2, bluu iliyochangamka zaidi. Tuliamka tukakuta kuta zimepakwa upya. Hakuna aliyetuuliza, na kweli sioni kwa nini ungejisumbua kutuuliza.

Mambo haya yalifikiriwa zamani kidogo na Mnorwei mmoja, Håkon Wium Lie, akiwa CERN kule Uswisi. Mwaka 1994 alipendekeza utaratibu wa mitindo ya kurasa ambao leo unaitwa CSS, na wazo lake lilikuwa la kiungwana sana: mwandishi aseme angependa ukurasa wake uonekane vipi, msomaji naye aseme angependa kuusoma vipi, kisha kivinjari kiwapatanishe. Katika mazungumzo hayo nimemtafuta mwenye jukwaa, nimjue anaketi kiti gani, sikumwona. Huenda alichelewa kufika, na alipofika akakalia viti vyote viwili.

Naomba uvumilivu wako nikusimulie kidogo tulikotoka, kwa sababu pengine washauri wako hawajawahi kukueleza.

Kabla hujatufikia tulikuwa na blogu. Ndesanjo Macha alikuwa na Jikomboe, akiandika Kiswahili wakati wasomi wetu wengi waliamini intaneti haikijui. Mwaka 2005 mpigapicha Muhidin Issa Michuzi akafungua yake, na haikuchukua muda "wadau" wakawa kabila kamili, lenye watu Dar na watu Washington, wote wakiendeleza libeneke. Wengi walijenga kwenye Blogger, iliyoanzishwa na Pyra Labs mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, kwa kuwa ilikuwa ya bure na haikumuuliza mtu anajua nini.

Zilikuwa zinapendeza? Hapana, Mheshimiwa, na mbele yako siwezi kusema uongo. Juu kulikuwa na bango lenye picha ya mwenye blogu ndani ya suti na bendera inapepea begani. Chini ya bango, maandishi yanayokimbia kutoka kulia kwenda kushoto, yakitoa pole na hongera kwa mpigo mmoja. Pembeni, saa ya Dar es Salaam kwa ajili ya walio ughaibuni, kihesabio cha wageni, na ramani ya dunia yenye vidoti vyekundu ili ijulikane kwamba muda huu kuna mtu anasoma akiwa Muscat na mwingine Minnesota. Nyingine ukizifungua tu, taarabu ilianza kupiga yenyewe, ofisini, bosi akiwa mlangoni.

Hata hivyo ukitua kwenye ukurasa ulijua uko kwa nani kabla hujasoma neno. Mshairi alikuwa na ukurasa mweupe usio na kitu pembeni. Mchungaji alikuwa na njiwa. Wa siasa alikuwa na wino mwekundu kila aya ya tatu, na alipokasirika zaidi aliongeza ukubwa wa fonti.

Na kazi yenyewe, Mheshimiwa, wewe uliyeanza na msimbo chumbani Harvard, utaielewa kuliko mtu yeyote. Mtu alilipia nusu saa kwenye kafe ya intaneti. Kitu cha kwanza, anapakua kiolezo chake, faili la XML, analiweka kwenye flashi, maana asipofanya hivyo akiharibu ndiyo imetoka. Kisha anaingia kwenye msimbo. Kiolezo kilichopendwa sana, Minima, kilitenga pikseli 660 kwa ukurasa mzima: 410 za safu ya maandishi, 220 za upau wa pembeni. Sasa mwenye blogu anataka picha za harusi zienee. Anapandisha safu ya maandishi hadi 500, anahifadhi, anafungua ukurasa, na upau wote wa pembeni hauonekani. Saa, ramani, orodha ya marafiki, vyote havipo. Anashuka, anashuka, anavikuta chini kabisa baada ya habari ya mwisho, vimejikusanya, kwa sababu 500 na 220 haziingii kwenye 660. Zimebaki dakika sita. Anarudi juu, anaufanya upana wa jumla 760, anahifadhi tena, upau unapanda mahali pake. Jirani wa kompyuta ya pili, aliyekuwa anasubiri barua pepe, anasogeza kiti aone. Hivyo ndivyo watu wengi huku walivyojifunza msimbo wao wa kwanza, bila darasa wala cheti.

Katika huo upau wa pembeni, kilichokuwa na thamani kuliko vyote ni orodha ya blogu rafiki. Ilikuwa siasa kamili. Kuwekwa kwenye orodha ya blogu kubwa kulikuletea wageni mwaka mzima. Kuondolewa kimyakimya kulizua maswali hadi kwenye vikao vya harusi. Lakini msomaji alitoka kwa huyu akaingia kwa yule, kutoka kwa yule akafika kwa mtu wa Bukoba anayeandika habari za ndizi tu, na aliyemwelekeza alikuwa mtu mwenye jina, ambaye ungeweza kumlaumu. Siku hizi anayenielekeza ni algoriti yako. Ni mchapakazi, sina neno, ila sijui nyumbani kwao.

Ungeniuliza basi kwa nini tulihama. Ni haki yako. Tulihama kwa sababu kwako kulikuwa na watu, na ulikuwa mwepesi kwenye simu. Halafu serikali yetu nayo ikakusaidia bila wewe kuomba. Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikimtaka mwenye blogu alipe Sh 100,000 ya maombi, Sh 1,000,000 ya leseni na Sh 1,000,000 nyingine kila mwaka. Asiyetii alitajiwa faini isiyopungua Sh 5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12. Kanuni zenyewe zimerekebishwa baadaye, lakini mwandishi wa habari za ndizi hakusubiri marekebisho. Aliacha, kama walivyoacha wengi, na aliyekuwa bado na la kusema akaja kulisemea kwenye ukuta wako wa bluu.

Najua pia washauri wako watakunong'oneza jina moja kama onyo: MySpace. Na watakuwa sahihi. MySpace iliwaruhusu watu kubandika mitindo yao kwenye kurasa, na Oktoba 2005 kijana Samy Kamkar akaficha msimbo ndani ya mtindo huohuo; kila aliyemtembelea akamtumia ombi la urafiki bila kujua, na ndani ya saa 24 alikuwa na maombi zaidi ya milioni 1. Tovuti ilibidi ifungwe ili isafishwe. Ndiyo maana siombi msimbo, Mheshimiwa. Wazo hilo ulikatae kabisa. Naomba vitu ambavyo havimuui mtu: kisanduku kimoja cha kuchagua rangi, mahali pa kuweka orodha ya majirani ninaowapenda, na kumbukumbu za mwezi kwa mwezi zenye kile kipembetatu cha kubofya, ili anayetafuta nilichoandika Mei 2012 asilazimike kukisugulia kidole hadi alfajiri. Na kama haitakuwa ukosefu wa adabu, machapisho yafuate saa, la leo juu ya la jana. Mwaka 2022 ulituwekea kichupo cha pembeni chenye mpangilio huo na nakushukuru sana. Ila mtu akifungua programu upya anajikuta amerudishwa kulekule.

Ningekuwa na wasiwasi kuleta ombi hili, kama historia yako mwenyewe isingenitia moyo. Mwaka 2013 ulinunua nyumba nne zinazopakana na yako kule Palo Alto, ili upate faragha. Mwaka 2016 ukaomba kuzibomoa na kuzijenga upya kwa namna uliyoipenda, na kamati ya mji inayokagua usanifu ikaona ugumu. Pole sana. Mtu kununua kitu kwa fedha yake, kisha aambiwe na kamati kwamba mwonekano wake si wa kuamua yeye! Sisi tuliposoma habari ile tulikuhurumia kwa dhati, na tulikuelewa kabisa.

Zaidi ya hayo, nimeona kwamba fulana ya kijivu umeiweka kando. Septemba 2024 ulipanda jukwaani umevaa fulana nyeusi pana, yenye maneno ya Kilatini kifuani yaliyochezea msemo unaomtaja Kaisari, jina lake likatolewa na lako likawekwa. Ilikupendeza. Mabega yalikaa vizuri. Miaka 10 baada ya kutuambia kwamba kuchagua nguo ni kupoteza muda, uliamka siku hiyo ukachagua, tena ukabuni. Ndipo nikajisemea: huyu bwana sasa anaijua raha yake, bora nimwandikie upesi kabla hajarudi kwenye kijivu.

Sitegemei jibu la haraka, una mengi. Wakati nasubiri nimeifufua blogu yangu. Nimeipa safu ya maandishi pikseli 640 na upau wa pembeni 260. Kichwa ni chekundu cha kuiva, na naomba radhi kama kwako kitaonekana cha rangi nyingine. Jina lako nimeliweka kwenye orodha ya majirani, la nne kutoka juu, bila malipo yoyote. Ukipata nafasi ya kupita, karibu uache neno. Sehemu ya maoni iko wazi kwa watu wote, ila hapa kwangu maoni huwa nayasoma kwanza, kisha naamua kama yataonekana.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi mwenye blogu,
Dar es Salaam.