Funguo Mezani

Sisi wa Uroa zamani hatukuwa watu wa madirisha. Nyumba ya marehemu babu, ya mawe na chokaa, ilikuwa na vidirisha viwili vya mbao ambavyo hata paka angepita kwa kujibana. Na aingie kufuata nini? Ndoo, jamvi na dema bovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukafika umeme, zikafuata feni na televisheni, na kila anayejenga akataka dirisha pana, apate upepo wa bahari na majirani waione televisheni vizuri.

Kaskazi iliyopita jirani yangu alilala dirisha wazi kwa joto. Alfajiri simu haipo, na wavu wa mbu una tundu dogo tu. Kwa hofu nikaenda mjini kutafuta fundi wa kuchomelea.

Njiani nilipita Mji Mkongwe, nikayatazama madirisha ya majumba ya kale: nondo nene, zimesimama wima, zimezama ndani ya fremu za mbao nzito. Ningeishia hapo ningeokoa pesa. Fundi akanionesha paipu za mraba, nyepesi, rahisi, zinang'aa. Nikasahau kwamba paipu hupakwa rangi nje tu, na hewa yetu ina chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu. Kutu ikaanzia ndani, pale palipochomelewa, na baada ya miezi kadhaa kidole changu kikapenya. Tena skrubu zote alizifunga vichwa nje, "zisikukwaruze, Maalim." Mwizi angekuja na bisibisi tu.

Mara ya pili nikatia akili: nondo nzima za milimita 12, ncha zimechimbiwa ukutani, rangi ya kuzuia kutu kwanza, ya urembo baadaye. Dirisha la chumbani nikaagiza lifunguke kwa ndani, kwa kufuli. Moto ukizuka, sitaki kuwa changu ndani ya dema.

Usiku mmoja, mke wangu yuko Pongwe harusini, nikatoka kumfukuza mbuzi aliyekuwa akila mwani wetu uliokauka. Upepo ukaubamiza mlango. Kitasa chake hujifunga chenyewe, jambo lililonifurahisha sana siku ya kukinunua. Funguo zi mezani, nazitazama kupitia nondo zangu imara.

Nikachukua ufito, nikafunga ndoana nchani, nikaanza kuvua. Mtupo wa kwanza ukaleta kikoi. Wa pili shati, na pochi mfukoni mwake. Wa tatu ukanasa waya wa chaja, simu ikaja inaburuzika kama pweza. Kila anachokitaka mwizi kilitoka kwa hiari yake. Funguo tu ndizo zilizogoma, na kila nikizigusa zinasogea ndani zaidi. Ndipo nikafahamu kuwa nimetumia fedha zote hizo kuzuia kiwiliwili, na wizi wa dirishani haukuhitaji kiwiliwili.

Tochi ikanimulika. "Mwizi!"

Walikuja wanaume sita, mmoja na kasia. Sheha akafika na fulana ya kulalia. Akanitazama, akatazama rundo la vitu pale barazani, akautazama ufito.

"Maalim, hii simu ya nani?"

"Yangu."

"Na pochi?"

"Yangu pia, Sheha. Na nyumba yangu."

"Mwenye nyumba hupita mlangoni," akasema mwenye kasia, na wengine wakaona amesema neno.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi wangu wa darasa la sita, mtoto ambaye hesabu za pembe hazimwingii kabisa. Akaomba ufito, akaukata kidogo, akaigeuza ndoana, akauingiza kwa pembe ya chini ya dirisha. Mara moja tu, funguo zikatoka zinalia. Watu wakapiga makofi. Halafu makofi yakapungua, yakakoma, na sote tukabaki tunamtazama.

"Nilikuwa nakuangalia unavyokosea tu, Maalim," akasema, akiutazama mchanga.

Asubuhi nikaihamisha meza hadi ukuta wa mbali. Sijamaliza, jirani aliyeibiwa simu akapiga hodi. Hakutaka kuingia. Alitaka aoneshwe ule ufito, na akauliza, kwa upole kabisa, nimekuwa nao tangu lini.