Seva Inalalamika: Namna ya Kuinyamazisha

Hongera kwa kujenga seva yako mwenyewe. Diski nane, kasha lililostaafu kutoka ofisi fulani, kadi ya SAS ya kuunganishia diski, ya mtumba, iliyoingia na kontena kutoka Dubai, na pawa saplai yenye stika ya wati 700 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda. Umeiweka juu ya kabati la chumbani, mahali pekee ambapo watoto hawafiki, na hewa pia haifiki. Picha za harusi, video za maulidi, hesabu za duka la shemeji, vyote vimehamia humo. Mambo yalikuwa shwari mpaka ulipojitia kiherehere cha kufungua kumbukumbu za mfumo, jambo ambalo mtu mwenye akili zake hafanyi usiku, ukakuta mstari huu umejirudia hadi chini ya skrini:

PCIe Bus Error: severity=Corrected, type=Physical Layer

Tulia. Ukifuata mwongozo huu kwa uaminifu, utatoka kwenye hitilafu ya waya wa bei ya soda na kufika kwenye ununuzi wa mashine nzima ndani ya mwisho wa wiki mmoja.

Hatua ya kwanza ni kutousoma mstari huo. Ukiusoma utaharibu starehe yote, kwa sababu umeshakwambia karibu kila kitu. Njia inayotajwa ni PCI Express, ile inayounganisha kadi yako na prosesa. Data hupita humo kwa vifurushi, na kila kifurushi hubeba namba yake ya ukaguzi. Upande unaopokea ukikuta namba hailingani na kilichomo, hukikataa. Upande uliotuma, ambao ulikuwa bado umeshikilia nakala, hukituma upya. Ni kama kuongea na mtu kwenye simu yenye mtandao mbovu: "sijakusikia, rudia," naye anarudia. "Corrected" maana yake kimerudiwa na kimefika salama. "Physical Layer" maana yake mara nyingi tatizo liko kwenye vitu vya kushikika kwa mkono: sloti, miguu ya kadi, joto, umeme. Hakuna faili lililopotea. Bado. Juu ya ngazi hiyo zipo mbili nyingine: kosa lisilosahihishika ila mfumo unalivumilia, na kosa la kuua, ambapo kadi inapotea kabisa na kuondoka na diski zote nane kwa mpigo. Hapo ndipo utasikia kutoka sebuleni, "Baba Zawadi, mbona picha hazifunguki?" Jibu sahihi ni, "Mtandao unasumbua leo."

Jambo jingine la kupuuza: kifaa kinachotajwa kwenye mstari ndicho kilicholalamika. Aliyepokea kifurushi kibovu ndiye anayepiga kelele. Aliyekiharibu anaweza kuwa yuko katikati ya njia, kimya, mpole, hana hata jina kwenye orodha. Kwa hiyo chukua jina la mlalamikaji, mhukumu papo hapo, na anza kuulizia bei ya mwingine.

Kama hela haijapatikana, tumia dawa inayopendwa kuliko zote. Kwenye maneno ya kuwashia Linux ongeza pci=noaer. Kerneli itaacha kupokea taarifa za makosa, na skrini itakuwa safi kama siku ya kwanza. Wanaopenda ujanja zaidi huandika pci=nommconf. Hiyo inaifungia kerneli mlango wa sehemu kubwa ya rejesta za kadi, zile zilizo zaidi ya baiti 256 za mwanzo, na kwa bahati nzuri rejesta za makosa zinakaa humohumo. Vifurushi vitaendelea kuharibika na kurudiwa kama kawaida, ila sasa ni siri kati ya kadi na mazabodi, na siri za watu wazima hazituhusu. Nakiri kwamba mstari ule ukijirudia mamilioni ya mara unaweza kujaza diski ya mfumo mpaka mashine ishindwe hata kuwaka, kwa hiyo kunyamazisha kuna faida yake.

Lipo neno la tatu, pcie_aspm=off, ambalo sipendi kulitaja kwa sababu linaweza kutibu kweli. Linaizuia kerneli kuwasha tabia ya njia hiyo kusinzia ili kuokoa umeme. Kuna kadi ambazo zikisinzia haziamki vizuri, na zikinyimwa usingizi makosa yanakwisha. Halina gharama na linachukua dakika mbili. Liruke.

Vilevile usiandike lspci -vv kwa ruhusa ya msimamizi. Amri hiyo inatoa mistari miwili yenye uchonganishi: LnkCap, yaani kadi inaweza nini, na LnkSta, yaani inafanya nini sasa hivi. Kadi za kizazi cha SAS2008, ambazo wajenzi wa nyumbani wanazipenda kwa urahisi wa bei na kwa kuwa zinakubali femuwea inayoziacha ziwe daraja tupu la diski, ziliundwa kutumia leni 8 za 5 GT/s. Ukikuta LnkSta inasema x4, au x1, na pembeni pameandikwa downgraded, huenda kuna miguu haigusani na sloti. Kwenye leni moja ya kasi hiyo, diski zako zote nane zinagombania megabaiti zisizozidi 500 kwa sekunde. Wewe ulidhani diski zimezeeka.

Hapa ndipo mtu asiye na subira hufungua kasha. Akifungua, atakuta kitu kimoja ambacho nimekiona kwenye mashine nyingi za mtumba: bamba la chuma la kadi ni fupi. Kadi ilitolewa kwenye seva nyembamba, ikaja na bamba lake la seva nyembamba, na kwenye kasha la kawaida bamba hilo halifiki kwenye tundu la skrubu. Basi kadi haikufungwa. Imesimama kwenye sloti kwa imani tu, huku nyaya mbili nene za SAS zikiivuta upande mmoja mchana na usiku, feni zikiitikisa, na kila anayefuta vumbi juu ya kabati akiisogeza kidogo. Ukiangalia kwa tochi utaona ukingo wa nyuma umeinuka, unene wa kucha hivi. Huo unene wa kucha ndio ule mstari kwenye skrini.

Tiba yake haina hadhi yoyote. Unazima, unachomoa waya wa ukutani, unatoa kadi, unafuta miguu yake ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili, unairudisha kwa kuikandamiza sawasawa mpaka izame kabisa kwenye sloti, kisha unatafuta bamba refu au unaifunga kwa namna yoyote isicheze. Wengine hutumia kifutio cha penseli. Kifutio kinang'arisha kweli, na kila kinapong'arisha kinaondoka na dhahabu kidogo, kwa hiyo kinafaa hasa kwa mtu anayetaka tatizo lirudi mwakani. Kama unakaa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ya chumvi inaingia mpaka ndani ya televisheni, zoezi hili utalirudia, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa bahari.

Kuhusu joto, dumisha utamaduni. Kadi hizi zilitengenezwa kukaa kwenye seva zenye feni za kelele zinazosukuma upepo kutoka mbele hadi nyuma bila kupumzika. Wewe umeiweka kwenye kasha la feni moja, juu ya kabati, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Hitisinki yake ndogo haishikiki kwa sekunde tano. Chipu ikichemka, mawimbi yanayumba, vifurushi vinakataliwa, na makosa yanaongezeka saa nane mchana na kupungua alfajiri. Ukiona mpangilio huo, sema ni mashetani. Usijaribu kufunga kafeni ka sentimita nne juu ya hitisinki, maana unaweza kulala usingizi.

Sasa twende kwenye umeme, ambako kejeli inakuwa ngumu kidogo kwa sababu hali halisi imeshaifanya kazi yangu. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 za volti 12. Diski nane zikiamka pamoja ni ampea 16, karibu wati 200 kwa sekunde chache, upande wa volti 12 peke yake. Pawa saplai yako ina plagi chache za SATA, kwa hiyo ulinunua kigawanyo: kichwa kimoja kinaingia, vinne vinatoka. Kile kichwa kimoja kina pini tatu za volti 12, na kila pini imekadiriwa kubeba ampea 1.5. Jumla 4.5. Diski nne zikiamka zinataka 8. Plastiki ya plagi inaanza kuwa ya kahawia, volti inashuka, diski moja inajizima na kujiwasha, kadi inaona mtu katoweka katikati ya sentensi, na wewe unasoma kumbukumbu na kuandika kwenye daftari: "kadi mbovu." Vigawanyo vya bei rahisi, vile ambavyo nyaya zimemiminiwa plastiki moja kwa moja, vimeshaunguza mashine za watu, nyaya zikisogea ndani ya plastiki zinagusana na hakuna anayeona. Usinunue vile vya kubana waya mmoja mmoja. Ni vizuri, na vinaonekana vya kishamba.

Umeme wa ukutani ni habari nyingine. Ukikatika na kurudi mara tatu jioni moja, seva inawaka, inazima, inawaka, na kila mara ampea 16. UPS ingesaidia. Lakini UPS imeunganishwa na televisheni, kwa ajili ya mechi.

Halafu wapo waliobarikiwa na raiza. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, raiza za wachimbaji zilibaki mikononi mwa watu, zile zinazopitisha PCI Express ya leni moja ndani ya waya wa USB. Ni halali kabisa kuchukua moja, kuiunganisha kwenye seva inayotunza kumbukumbu za ukoo mzima, na kushangaa.

Diski zenyewe zitakupa ushahidi, na ushahidi lazima uharibiwe. Kwenye taarifa ya SMART, kipengele namba 199 huhesabu makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na kadi. Hakirudi sifuri hata ubadilishe waya, kwa hiyo mtu makini huandika namba ya leo na kuilinganisha na ya wiki ijayo: ikipanda, waya, ikitulia, yamekwisha. Namba 5, 197 na 198 ndizo zinazoisema diski yenyewe. Wewe usitofautishe. Nyekundu ni nyekundu, tupa diski.

Na kama unatumia mfumo wa faili wa ZFS, utakuwa na safu tatu za lawama: READ, WRITE na CKSUM. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walipoanza kuiunda pale Sun Microsystems mwaka 2001, walijenga juu ya shaka: diski inaweza kudanganya, waya unaweza kudanganya, kadi inaweza kudanganya. Kwa hiyo cheksamu ya kila bloku haikai na bloku hiyo, inakaa kwa bloku ya juu yake, ili muongo asijitolee ushahidi mwenyewe. Ukifungua zpool status ukakuta diski sita kati ya nane zina makosa ya CKSUM siku hiyohiyo, hesabu ya kawaida inasema diski sita haziugui pamoja. Tafuta kitu wanachochangia, yaani kadi, ramu, waya wa SAS au umeme. Hesabu ya mwongozo huu ni tofauti: andika zpool clear. Namba zote zinarudi sifuri. Zikirudi tena, andika tena. Kupima ramu kwa Memtest86+ usiku kucha kunamtaka mtu akubali kwamba tatizo linaweza kuwa kitu alichokisifia mbele ya wenzake, kwa hiyo tuachane nako.

Wakati wowote unaweza kuibeba seva mpaka kwa fundi Kariakoo. Ataifungua, ataitazama kwa muda, atapuliza vumbi, kisha atasema, "Bosi, mazabodi hii imechoka." Ukiirudisha nyumbani itafanya kazi wiki nzima, kwa sababu kwenye bodaboda kadi ilijikandamiza yenyewe kwenye sloti.

Hatua ya mwisho ni kubadilisha vitu vyote kwa siku moja. Kadi mpya, pamoja na nyaya zake mpya zilizokuja ndani ya boksi, pawa saplai mpya, femuwea mpya, sloti nyingine, na ukiwa umeshafungua kasha, pangusa kila kitu. Ukiwasha, kumbukumbu zitakuwa kimya. Usijaribu kujua ni kipi kilichotibu, maana kujua kunataka kurudisha kimoja kimoja, na mgongo umeshauma. Tangaza kwamba ilikuwa kadi. Kisha ipige picha ile ya zamani kwenye mwanga mzuri, andika "haina tatizo lolote, nimeapgredi tu," mpunguzie bei kijana wa kwanza atakayepiga simu, na kwa kuwa wewe ni muungwana, mpe na zile nyaya zake za zamani bure.