Vidole vya Asesa Mtarajiwa

Habari zilivuka Mto Tana upesi kuliko mtumbwi: kijana wa Golbanti anasomea uasesa wa bima. Kabla hata fomu hazijajazwa, wateja walishaanza kubisha hodi. Huyu paa lake la makuti lilipeperushwa na upepo, yule baiskeli yake ilipotelea mnadani Garsen. Kijana akaeleza mpaka koo likamkauka kwamba asesa halipi mtu. Hukagua kilichoharibika, akakadiria hasara, akaiandikia kampuni ripoti. Walimsikiliza kwa heshima zote, kisha wakauliza pesa zitatoka lini.

Ukweli ni kwamba ada za bima Kenya hazifikii asilimia 3 ya pato la taifa, na riziki kubwa ya maasesa ni magari, kwa sababu sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto cha barabarani, bodaboda ikiwemo, kukikatia bima ya kuwafidia watu wengine. Golbanti ina bodaboda, sawa. Lakini chombo kinachogongana na kiboko ni mtumbwi, na mtumbwi hauna namba ya usajili.

Sheria ya Bima, Sura 487, inataka asesa asajiliwe na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, yenye makao yake Upper Hill, Nairobi. Kijana akaanza kukusanya karatasi: vyeti vya shule, cheti cha KRA cha kulipa kodi, na cheti cha maadili mema kutoka polisi. Hiki cha mwisho ndicho kilichomtoa jasho. Fomu ya alama za vidole, C24, lazima ichapishwe pande zote mbili za karatasi moja. Saiba ya kwanza ikamtolea karatasi mbili. Ya pili ikapatia karatasi moja, ila nyuma yake ilikuwa kichwa chini miguu juu. Afisa aliigeuza, akaigeuza tena, akaisukuma mezani bila neno.

Ilipopatikana fomu ya halali, vidole navyo vikagoma. Vilikuwa vimeshika jembe la mpunga tangu utotoni, na msimu ulikuwa wa maembe, utomvu umeganda kwenye ngozi. Afisa alikipaka kidole gumba wino, akakiviringisha taratibu kutoka ukingo hadi ukingo. Kikatoka kidoa cheusi tii, hakina hata mstari mmoja.

"Kaka, alama zako umeziacha wapi?"

"Shambani, afande."

Akapewa kipande cha sabuni na kuelekezwa bombani. Bomba lilikuwa kavu.

Kinachochekesha zaidi ni kwamba Tana River tayari ilishapata mkadiriaji asiyedaiwa vidole wala cheti. Ni setilaiti. Mpango wa serikali wa bima ya mifugo, KLIP, ulianza Turkana na Wajir mwaka 2015, kisha ukaenea hadi kaunti nane, Tana River ikiwa mojawapo. Wazo lilikuwa limejaribiwa na watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, kule Marsabit tangu 2010: setilaiti inapima ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango fulani mfugaji analipwa, hata kama ng'ombe wake bado wamesimama. Hesabu safi, na ni nafuu kuliko kumtuma mtu ahesabu mizoga kutoka boma hadi boma. Ila mti wa mathenge hubaki kijani hata kiangazi kikali, na kwa jicho lililo mamia ya kilomita angani, kijani ni kijani.

Halafu setilaiti haioni mamba. Mzee mmoja wa Kiorma alimfuata kijana chini ya mwembe, akafungua gazeti alilolikunja vizuri, ndani yake mna sikio la mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa ameshashuka na mto.

"Mwanangu, hili litatosha, au wanataka na jingine?"

Kijana akamweleza kwamba bima ile ni ya ukame tu. Hasara ya mamba hupelekwa kwa shirika la wanyamapori, KWS, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, ile iliyoweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu anayeuawa na mnyama wa porini. Mzee akalikunja gazeti lake pole pole.

"Na huko KWS, mbuzi atatakiwa cheti cha maadili?"